Kushuka Tanner hadi Mto Colorado mkiwa wawili

Kila mwaka watu wanapoanza kupanga likizo, maswali kuhusu Tanner, njia ya miguu inayoshuka ndani ya korongo la Grand Canyon kule Marekani, huwa yale yale. "Mimi na mke wangu tumewahi kupanda milima, Tanner tutaiweza?" "Njiani kuna maji?" "Tukishuka asubuhi, jioni si tutakuwa tumerudi?" Majibu mafupi ni: labda, hakuna, na hapana. Majibu marefu ndiyo haya, niwe na pa kumwelekeza kila anayeuliza.

Tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Grand Canyon imeupindua msemo huo. Kushuka hapa ni rahisi, ngoma ni kupanda. Mlimani ukichoka unageuka, na mteremko wenyewe unakurudisha nyumbani. Korongoni ukichoka, mlima mzima bado uko mbele yako, na jua limeshawaka. Kwa hiyo karibu kila uamuzi mzito wa safari hii hufanywa juu, kabla hamjavuka ukingo.

Halafu kuna jambo la nyinyi wawili. Watu wanaopendana hudanganyana sana njiani. Kila mmoja anasema "niko sawa" asije akamharibia mwenzake safari, mpaka mmoja anakaa chini na hawezi tena kuinuka. Mara yangu ya kwanza nilificha lengelenge la kisigino kwa saa tatu nzima. Tulipofika mtoni soksi ilikuwa imegandana na ngozi, na mwenzangu alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa na haki. Ningesema mapema, plasta moja ingetosha.

Tanner ni njia gani

Inaanzia Lipan Point, ukingo wa kusini wa Grand Canyon, jimbo la Arizona, mita kama 2,200 juu ya usawa wa bahari. Inaishia kwenye ufuko wa mto, mita kama 820. Yaani mnateremka takribani mita 1,400 katika kilometa kama 14. Njia nzima haina chemchemi wala bomba, na kivuli ni cha kutafuta nyuma ya mwamba. Hifadhi inaiweka miongoni mwa njia zisizofanyiwa matengenezo ya kawaida, na mnaweza kutembea siku nzima msikutane na mtu.

Kama hamjawahi kuingia korongo hili hata mara moja, msianzie hapa. Anzeni na South Kaibab na Bright Angel, ambazo zimechongwa vizuri, zina watu, na zina walinzi wa hifadhi. Mkishaona miguu yenu inavyopokea mteremko mrefu, rudini kwenye mwongozo huu.

Vibao vya hifadhi vinatumia maili na futi. Mimi natumia kilometa na mita. Na saa zangu ni za Kiswahili: nikisema saa kumi alfajiri, simu yako itaandika 4:00.

Lini, na siku ngapi

Nendeni kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Mei, au Oktoba na Novemba. Kiangazi sahauni. Hewa hupata joto la karibu digrii moja kila mnaposhuka mita 100, kwa hiyo asubuhi yenye digrii 25 ukingoni inaweza kuwa karibu 40 mtoni. Julai hadi katikati ya Septemba ni msimu wa mvua za radi, na mafuriko ya ghafla hushuka kwenye vijikorongo hata kama juu yenu anga ni jeupe. Majira ya baridi shida ni barafu: sehemu ya juu ya Tanner inatazama kaskazini, na theluji hukawia kuyeyuka hapo.

Siku ni tatu, usiku mbili. Siku moja ya kushuka, moja ya kupumzika mtoni, moja ya kupanda. Kushuka na kupanda ndani ya siku moja hifadhi yenyewe inawasihi watu wasijaribu, hata kwenye zile njia rahisi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Maji kwanza. Vyombo vya kubeba lita 6 kila mmoja, na viwe vingi vidogo kuliko kimoja kikubwa: mfuko mmoja wa lita 6 ukitoboka, safari imekwisha. Viwili kati ya hivyo viwe chupa ngumu za lita moja moja, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 6.

Kisha:

- ndoo ya kukunja ya lita 8 hadi 10
- chujio la maji, pamoja na vidonge vya kusafishia maji endapo chujio litagoma
- shabu kidogo, ile ile ya kutuliza maji ya matope. Marekani huuzwa kwenye rafu ya viungo vya chakula
- fimbo mbili za kutembelea kwa kila mtu, sio jozi moja ya kugawana
- buti mlizokwisha kuzizoea, na soksi jozi tatu
- tochi ya kichwani kwa kila mtu, na betri za akiba
- ramani ya karatasi
- kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti
- plasta, bandeji, kibano, dawa ya maumivu, na paketi za chumvi za kuongeza maji mwilini
- kofia pana, shati jepesi la mikono mirefu, na kitambaa cha shingoni cha kulowesha
- hema jepesi, au turubai tu kama hali ya hewa ni nzuri
- jiko dogo la gesi, kwa sababu kuwasha moto wa kuni hakuruhusiwi
- mfuko wa wavu wa chuma wa kuhifadhi chakula
- koleo dogo la mkono na mifuko ya kubebea karatasi za chooni
- meno ya chuma ya kuvalisha viatu, kama kuna barafu juu

Chakula kiwe chenye chumvi na chenye kulika bila hamu: karanga, nyama kavu, jibini, biskuti za chumvi. Joto linaua hamu ya kula, na chakula ulichobeba kwa sababu ya uzima wa mwili tu utakirudisha ukingoni kama kilivyo.

Hatua kwa hatua

1. Ombeni kibali. Kulala chini ya ukingo bila kibali ni kosa. Maombi hupitia tovuti ya Recreation.gov, na kwa miezi inayopendwa kuna droo inayofanyika miezi kadhaa kabla. Kibali kimoja kinawatosha wote wawili. Kinataja eneo mtakalolala kila usiku, na ndilo mnalotakiwa kulilalia. Mkikosa, nendeni wenyewe kwenye Backcountry Information Center, ofisi ya hifadhi inayoshughulikia vibali, iliyoko Grand Canyon Village. Wakati mwingine nafasi hubaki. Na hata kama mmepata, pigeni simu pale siku chache kabla ya kuondoka muulize hali ya njia. Huwa hawawapambii: ukiambiwa joto litakuwa kali, amini.

2. Gawaneni mzigo kwa mizani. Nusu kwa nusu inapendeza masikioni na inaumiza magoti. Mwenye mwili mdogo abebe kidogo. Lakini kuna vitu visivyogawanywa: kila mmoja awe na maji yake, chakula cha siku moja, tochi, filimbi, na koti la baridi ndani ya shanta lake mwenyewe. Mkitengana kwa bahati mbaya, kila mmoja aweze kumaliza usiku peke yake. Nimewaona wawili, mmoja ana chujio na maji yote, mwingine ana chakula chote, wamepishana kona tatu na kila mmoja anamngoja mwenzake.

Jaribuni mzigo kamili wiki tatu kabla. Pandeni na kushuka ngazi za ghorofa saa nzima mkiwa na lita 6 mgongoni. Mapaja yakitetemeka kwenye kushuka, hayo ndiyo mazoezi mnayoyahitaji. Kukimbia barabara tambarare hakusaidii sana hapa.

3. Siku ya kabla. Lipan Point iko kwenye barabara ya Desert View, na basi la bure la hifadhi halifiki huko. Mtahitaji gari lenu au teksi. Andikeni mpango wenu kwenye karatasi: njia, usiku gani mtalala wapi, saa ngapi mnategemea kutoka. Mwachieni mtu ambaye kweli atapiga simu saa hiyo ikipita.

Angalizo dogo ambalo limewahi kutukosesha usingizi: Arizona haisogezi saa mbele majira ya joto, lakini ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili walio jirani, husogeza. Simu ikidaka mnara wa upande huo inaweza kuruka saa moja mbele. Zimeni marekebisho ya saa ya kujiendesha kabla ya kutega kengele.

4. Anzeni kukipambazuka. Kilometa tatu za mwanzo, mpaka kwenye bega linaloitwa Seventyfive Mile Saddle, ndizo zenye mwinuko mkali kuliko zote za nusu ya juu. Ni mawe yaliyolegea, ngazi za mawe za kufika magotini, na kona zinazokatika ghafla. Kabla ya hatua ya kwanza kazeni kamba za buti kwenye kifundo cha mguu, vidole visigonge mbele. Refusheni fimbo kidogo kuliko mnavyozitumia tambarare. Tangulizeni fimbo, kisha mguu.

Anayetembea polepole ndiye anayetangulia, safari nzima. Hii haina mjadala. Wa kasi akitangulia atafika pa kupumzikia, atapumzika, na mwenzake anapofika akihema yeye anasimama kuendelea. Hivyo mmoja anapumzika kila mara na mwingine hapumziki kamwe.

*Onyo:* msitembee mmoja moja kwa moja chini ya mwingine kwenye kona. Jiwe linalosukumwa na buti ya wa juu humfika wa chini kabla sauti ya "jiwe!" haijatoka.

Nusu saa ya kwanza ikiisha, simameni mvue viatu hata kama hakuna kinachouma. Ngozi iliyowaka joto bila kuvimba inatibika kwa plasta. Ikishavimba, mnatibu kidonda.

5. Kipande kirefu chini ya Escalante na Cardenas. Baada ya bega, njia inatulia na kuzunguka miguu ya vilima viwili hivyo. Hapa watu hupotea kwa sababu ya raha: njia ni rahisi, wanaanza kupiga soga, wanafuata mkondo mkavu unaofanana na njia. Tazameni marundo madogo ya mawe yaliyopangwa. Mkipita dakika tano bila kuona rundo wala nyayo, simameni. Msikate shauri la "tutaikuta mbele". Rudini mpaka rundo la mwisho.

Kilima cha Cardenas kimepewa jina la García López de Cárdenas, Mhispania aliyefikishwa ukingoni na Wahopi, wenyeji wa asili wa huko, mwaka 1540. Kutoka juu mto ulionekana kijito. Watu wake watatu, wale wepesi zaidi, walijaribu kuushukia, wakarudi alasiri wamefika theluthi tu ya njia. Walisema mawe yaliyoonekana kutoka juu kama urefu wa mtu yalikuwa marefu kuliko mnara mkuu wa Seville, mji wa kwao Hispania. Kumbukeni hilo mkifika hapa na kuuona mto, maana mmoja wenu atasema, "Ah, tumeshafika." Bado zaidi ya nusu ya mteremko. Humu ndani macho hayajui kupima, pimeni kwa saa na ramani.

6. Ficheni maji juu ya Redwall. Karibu nusu ya njia mnafika kwenye ukingo wa ukuta mwekundu wa chokaa uitwao Redwall. Hapa kila mmoja aache lita 2, zile chupa mbili ngumu. Mifuko laini hutobolewa na panya na kunguru. Andikeni jina na tarehe ya kurudi, wekeni kivulini chini ya mwamba, pigeni picha ya mahali penyewe na ya mandhari yanayopazunguka. Picha ya chupa peke yake haisaidii. Mawe yote yanafanana.

Hesabu ya maji ni hii, kwa kila mtu: mmeanza na lita 6, za kuacha ni 2, na 4 ndizo za kunywa kutoka ukingoni hadi mtoni. Siku ya kupanda mnaondoka mtoni na 4, mnakuta 2 hapa. Hii ni kwa hali ya hewa ya wastani. Kama hesabu haiingii kwa sababu mmeshakunywa zaidi ya lita 3 kabla ya kufika Redwall, siku hii ina joto kuliko mlivyojiandaa.

Na hapa ndipo mlango wa mwisho wa kurudi. Ketini. Kila mmoja ajibu maswali manne kwa sauti: mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini na mkojo ulikuwa na rangi gani? Umekula nini? Wapi panauma? Ukiambiwa upande sasa hivi hadi gari lilipo, utaweza? Jibu la "niko sawa" halikubaliki. Kama swali la nne mmoja amesita, geukeni wote wawili. Sisi tumewahi kugeuka hapa kwa sababu ya goti langu, tukiwa na kibali cha miezi minne ya kungoja. Tulikula chakula cha jioni kwenye maegesho ya Lipan Point, hatuzungumzi sana.

7. Shukeni Redwall na miteremko myekundu. Ukuta wenyewe ni mkali na una changarawe inayoteleza kama punje za mahindi juu ya sakafu. Hatua fupi, uzito juu ya miguu, msiegemee nyuma. Chini yake njia inafuata migongo ya udongo mwekundu iliyo wazi kabisa. Hakuna kivuli mpaka mtoni. Jitahidini muwe mmeumaliza ukuta kabla ya saa nne asubuhi, na kama jua limewashika, afadhali mtafute kivuli cha mwamba mkae mpaka saa kumi jioni kuliko kujikaza.

Loweka kitambaa, funga shingoni. Kunyweni kidogo kidogo na kila saa mle kitu chenye chumvi. Maji mengi bila chumvi nayo ni hatari. Nitalirudia hilo chini.

8. Mtoni: maji kabla ya hema. Mkifika mtataka kulala mchangani. Jazeni ndoo kwanza.

Mto Little Colorado unaingia kilometa chache juu ya Tanner, na ukiwa umefurika, maji hapa huwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Mkiyatia moja kwa moja kwenye chujio litaziba ndani ya lita mbili. Yaacheni kwenye ndoo. Matope yasipotulia, nyunyizeni shabu, ncha ya kijiko tu, koroga polepole dakika moja kisha acheni kuigusa ndoo. Mtayaona matope yakishikana vipande kama maziwa yaliyoganda na kuzama. Baada ya nusu saa hivi, kingeni maji ya juu kwa kikombe, bila kutikisa, ndipo mchuje. Tope la chini lina uzito wa ajabu. Mwenzangu huliita uji wa Colorado.

Mto huu unatawaliwa na Bwawa la Glen Canyon lililo juu yake, na kina chake hupanda na kushuka kwa kadiri wanavyofungulia maji ya kuzalisha umeme. Buti zilizoachwa jioni kwenye mchanga mkavu zinaweza kuwa majini alfajiri. Hema na kila kitu kiwe juu ya alama ya mwisho ya unyevu, na ndoo ifungwe.

*Onyo:* msiogelee. Mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana, na maji huwa baridi kwa sababu hutoka chini ya bwawa. Kalieni maji ya kifundoni pembeni, jimwagieni kwa kikombe. Inatosha, na ni tamu kuliko bafu lolote.

9. Kambi. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kiingie kwenye wavu wa chuma. Kunguru wa hapa wanajua kufungua zipu. Sikuamini mpaka nilipomwona mmoja akivuta kamba ya zipu ya shanta langu kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayefungua pochi yake. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge. Nyoka wenye njuga mkiani wapo pia, ila hawana haja nanyi: msitie mkono mahali msipopaona.

Kukojoa ni mtoni au kwenye mchanga uliolowa, ndiyo kanuni ya ukingo wa Colorado. Haja kubwa ichimbiwe shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, na karatasi mrudi nazo.

Jioni mkiwa mmeketi, tazameni juu kusini. Kuna kidude chembamba kimesimama ukingoni, kama njiti ya kiberiti. Ni Desert View Watchtower, mnara wa mawe uliobuniwa na msanifu majengo Mary Colter na kukamilika mwaka 1932. Una urefu wa mita kama 21. Mtapanda hadi kwenye ukingo huo huo.

10. Siku ya kupumzika. Isiwe ya kujitafutia matembezi mengine. Tembeeni asubuhi kidogo kando ya mto, kisha kivulini chini ya miti ya mesquite, kula, kunywa, kukanda mapaja. Jioni chujeni maji yote ya kesho, lita 4 kila mmoja, pamoja na ya kunywa kabla ya kuondoka. Kuchuja maji ya tope gizani ni kazi ya kugombanisha watu.

11. Pandeni usiku. Amkeni saa nane usiku, ondokeni saa tisa. Kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda mliotumia kushuka, na lengo ni kuwa juu ya Redwall kabla ya saa nne asubuhi. Mwendo uwe wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kila baada ya saa moja pumzikeni dakika kumi, miguu juu ya jiwe, mkila.

Juu ya Redwall chukueni maji yenu na chupa zote, hata kama hamzihitaji. Chupa iliyoachwa ni taka.

Kama mmoja hana kasi hiyo, kuna mpango mwingine: ondokeni mtoni alasiri ya siku ya pili jua likiegemea, laleni juu ya Redwall, mmalizie alfajiri. Sharti kibali kiwe kimeandikwa hivyo, na kila mmoja abebe maji ya chakula cha usiku juu ya yale ya kunywa. Kwa wawili wasiolingana nguvu, naupenda mpango huu kuliko wa kwanza.

Mkikwama

*Mmoja anaumwa kichwa, kichefuchefu, jasho jingi, ngozi baridi.* Joto limemchosha. Kivulini mara moja, mloweshe, mpe maji ya chumvi kidogo kidogo. Msiondoke mpaka amekula na amekojoa, hata kama ni saa nne za kungoja.

*Amechanganyikiwa, anaongea ovyo, au mwili unawaka.* Hiki ni kiharusi cha joto na kinaua. Mmwagieni maji yote mliyo nayo, mpepeeni, bonyezeni kitufe cha dharura cha setilaiti. Sio wakati wa kuona aibu.

*Amekunywa maji mengi, anakojoa maji meupe mara kwa mara, lakini anatapika na anachanganyikiwa.* Huenda chumvi imepungua mwilini. Msimwongezee maji. Mpeni chakula chenye chumvi kama anaweza kumeza, na ombeni msaada.

*Chujio limeziba.* Lisukumeni maji safi kinyumenyume kama aina yake inaruhusu. Likikataa, tulizeni maji kwa shabu, yachemsheni au tumieni vidonge. Vidonge kwenye maji ya tope havifanyi kazi ipasavyo, kwa hiyo tope kwanza.

*Soli ya buti imeng'oka.* Zungusheni utepe wa gundi chini ya soli na juu ya kiatu, badilisheni kila saa. Zungushieni utepe huo kwenye fimbo mkiwa bado nyumbani, msibebe roli zima.

*Magoti yanauma kwenye kushuka.* Hamishieni kilo tatu nne kwa mwenzako, teremkeni upande upande, na usiku wa mtoni kalieni maji baridi. Kupanda kutauma kidogo kuliko kushuka.

*Maji mliyoficha hayapo.* Fungueni ile picha kabla ya kulaumu mtu. Mara nyingi mmesimama mwamba usiokuwa wenyewe. Kama kweli hayapo na jua limeshatoka, kaeni kivulini mpaka jioni na mliyonayo, mpande usiku.

*Mmoja amevunjika au hawezi kutembea.* Msitengane kama mna kifaa cha setilaiti; tumeni ujumbe, kaeni pamoja. Simu za kawaida msizitegemee. Mkiwa karibu na mto, majira ya mashua, makundi ya wasafiri wa majini hupita, na waongozaji wao kwa kawaida hubeba simu ya setilaiti. Pungeni kitambaa cha rangi kali, filimbi mara tatu.

*Mnagombana.* Mtagombana, mara nyingi juu ya ukuta, saa tano kasoro, kuhusu nani alisema mapumziko yalikuwa dakika kumi. Kaeni, kila mmoja ale kiganja cha karanga, anywe maji, asiongee dakika kumi. Mkimaliza karanga na bado mmenuna, basi ugomvi ni wa kweli; msiumalizie hapo, una kilometa saba za kungoja.